Ukumbi wa Bi Siwema

Mpangisha ukumbi humtoa mama dirishani.

Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo yule dalali asubuhi, naye dalali akabeba mkoba wake akaondoka, chai kaiacha nusu. Sasa mmekuja kujipanga hapa karakanani kwangu, Salha mbele na wadogo zake nyuma, mnataka kujua mama alimtukana nini mgeni wa watu. Hakumtukana. Alimpa methali, na methali ikimpata mwenyewe huuma kuliko tusi.

Wengi mjini huisema bila kujua inatoka wapi, na wapo wanaodai ni ya kale, ya wazee wa Kizaramo. Uongo mtupu. Methali hiyo ni mdogo wake mama yenu. Ilizaliwa hapahapa Ilala, mtaa huu mnaoupita kila siku kwenda shule, na mimi nilikuwepo. Kaeni niwaambie. Usikalie bomba hilo, Salha, nimetoka kulichomelea sasa hivi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mzee Pazi na mkewe, Bi Siwema. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa, kama zilivyokuwa zote mtaani: baraza mbele, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma, na katikati ukumbi uliotoka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani. Ninyi mmezaliwa wakati wa kumbi nyembamba, hamjui. Ukumbi wa Bi Siwema ulikuwa mpana, sakafu yake ya saruji nyekundu, inang'aa kwa kusuguliwa. Wapangaji walikaa vyumbani na mwenye nyumba akakaa chumbani, lakini ukumbi ulikuwa wa wote. Mikeka ya harusi ilitandikwa pale. Mvua ikinyesha, watoto wa mtaa mzima walichezea pale. Na mtu wa nyumba ile akifa, jeneza liliingizwa mlango wa mbele, likatuliwa katikati ya ukumbi, watu wakamuombea, kisha likatoka mlango uleule likiwa mabegani.

Mzee Pazi alitoka hivyo. Nakumbuka Bi Siwema alivyokaa ukumbini akiwa ndani ya eda, amevaa kaniki, akaniambia, "Mfaume, umeona mume wangu alivyotoka kwa heshima? Na mimi nitatoka vilevile, mlango uleule." Alisema kama mtu anayetaja atakachopika kesho. Tangu siku ile hakuna mtu mtaani aliyekuwa hajui kwamba Bi Siwema analitaka hilo tu duniani. Hakuomba Maka, hakuomba dhahabu. Aliomba mlango wa mbele.

Walijaliwa mtoto mmoja, Kondo. Wanangu, msimchukie Kondo. Watu wakiisema methali hii humchora kama mlafi mwenye tumbo kubwa. Mimi nilikua naye, na ninawaambia hakuwa mlafi. Alikuwa mtunza stoo katika ghala la saruji kule Kurasini. Kutwa anapokea mifuko na kuitoa, mifuko ya kujengea nyumba za watu, naye mwenyewe hana hata shimo la msingi. Hilo lilimkera.

Wakati ule ndipo bei zilipoanza wazimu. Zamani mtu wa mshahara wa kawaida alijinyima akanunua kiwanja chake, akajenga chumba, akahamia, akaongeza kingine. Mara tukasikia nyumba ya nyuma ya kina Kondo imeuzwa. Ikabomolewa, likaota ghorofa, na ukuta wake ukasimama kifua kwa kifua na mlango wa nje wa uani kwa Bi Siwema. Mlango ukawa haufunguki tena. Watu walilalamika, wakaambiwa mpaka ni halali, wakanyamaza. Baada ya ghorofa lile, kila mwenye nyumba akajiona kalalia hazina. Kodi zikapanda. Waliokuwa wanalipa mwezi kwa mwezi wakaambiwa miezi sita kwa mpigo, kisha mwaka mzima. Wapangaji wa zamani, watu tuliozikana na kuozana, wakaanza kubeba magodoro kwenda mbali huko, hata majina ya vituo hatuyajui.

Kondo akaweka nia. "Mfaume," aliniambia, "nitanunua kiwanja kabla hawajamaliza vyote. Nitamjengea mama nyumba yenye ukumbi ambao hata gari linapita." Akaanza kujinyima. Aliacha sigara, akaacha kahawa ya jioni, akawa anatembea kwa miguu kutoka kazini. Akaulizia viwanja Kimara. Alipokuwa na fedha za Kimara, Kimara ilikuwa imeshaondoka, fedha zile zinanunua Mbezi. Alipojikusanya kwa bei ya Mbezi, akaambiwa labda Kibamba. Kila akinyoosha mkono, kiwanja kinasogea mbele kwenye barabara ya Morogoro, kama kuku anayejua unataka kumchinja.

Siku moja akaja dalali mmoja akiitwa Chande, mtu wa maneno laini na viatu vya kuchongoka. Alisimama katikati ya ukumbi, akautazama huku na huku.

"Kaka Kondo, wewe una chumba kimelala bure humu ndani, tena si kimoja," alisema. "Piga ukuta hapa, piga na hapa, unapata vyumba viwili na njia inabaki. Watu mjini wanalilia pa kulala. Mwaka mmoja tu, una kiwanja chako."

Kondo alimpelekea mama yake habari. Nilikuwepo barazani, nilisikia yote.

Bi Siwema alimaliza kwanza kupepeta mchele wake. "Chumba hupangishwa, mwanangu," alisema. "Ukumbi hupitwa."

"Ni kwa muda tu, mama. Nataka nikujengee."

"Sijakuambia sina pa kulala."

"Mama, tusipokimbia sasa, hatutapata tena. Nitawaacha wanangu kwenye chumba cha kupanga."

Hilo lilimgusa, kwa sababu aliwapenda wajukuu zake.  "Mimi je?" akauliza. "Siku yangu ikifika?"

"Siku yako ikifika tutakuwa tumeshahama," Kondo alijibu. "Utatoka kwenye ukumbi wako mwenyewe. Naapa."

Mama akacheka kidogo, akamwambia, "Haya, baba. Usije ukasema mama alikuzuia." Mzazi akikubali kwa sauti ile, mtoto mwenye masikio huacha. Kondo masikio yalikuwa yamejaa bei za viwanja.

Ukuta ukapigwa, wa tofali, maana Chande alisema mbao hazileti mpangaji wa maana. Sakafu nyekundu ikakatwa vipandevipande. Vyumba viwili vikakaa pale harusi zilipokuwa zikikaa, na njia iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja. Tena haikunyooka. Chumba cha pili kilitokeza zaidi ya cha kwanza, kwa hiyo njia ilipinda kona kabla ya kufika mlango wa mbele. Aliyebeba ndoo ya maji alipita ubavu ubavu. Kwa usalama wa wapangaji, Kondo akaniita nikatia nondo madirisha yote ya nyumba. Nilizichomelea mwenyewe, nene, mwizi angezeeka pale. Hata dirisha la chumba cha Bi Siwema, linalotazama uchochoro, nililitia.

Chumba kimoja alikaa muuza mitumba, ambaye siku nyingi alikuwa safarini. Cha pili wakaja mume na mke vijana kutoka Bukoba, Deo na Koku. Deo alikuwa mlinzi wa benki. Walikuwa wamehama mara nyingi, kila mara kodi ikiwafukuza kama wanavyofukuzwa mbuzi kwenye shamba la watu. Koku alipoingia kwenye kile chumba kisicho na dirisha, alikipiga deki, akatundika pazia, akasema asante Mungu. Nao msiwalaumu. Mtu hulala alipopata.

Bi Siwema alikasirikia ukuta lakini hakuwakasirikia watu. Koku aliposhika mimba, bibi ndiye aliyemkataza kubeba ndoo. Alipojifungua, bibi ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa kanga, akamwimbia mtoto nyimbo za Kizaramo ambazo mama mtu hakuzielewa. Kila asubuhi alipita ile njia nyembamba, mkono ukutani, kwenda kumwogesha kitoto kile. Akawa anasema, "Kumbe ukumbi haukufa. Una mtu." Moyo wa mama ule, wanangu, sijauona tena.

Wakati huohuo Kondo alikuwa amefikisha bei ya kiwanja cha Kiluvya. Alikwenda na fedha mfukoni, amevaa kanzu kama anakwenda kuposa. Alirudi jioni na fedha zilezile. Mwenye kiwanja alikuwa amepata mtu wa kuongeza. Nilimkuta amekaa barazani, kanzu imejaa vumbi jekundu la huko. Mama yake alitoka na sahani ya wali, akaiweka mbele yake, akamwambia, "Kula, baba. Ardhi haikimbii, watu ndio wanaoikimbiza." Hakula.

Haikupita wiki, Bi Siwema akafariki. Hakuugua. Aliswali dhuha, akamwogesha mtoto wa Koku, akarudi chumbani akajilaza, basi. Mjukuu alikwenda kumwita kwa uji, akarudi analia.

Mtaa ukajaa. Bi Hidaya, rafiki yake wa tangu usichana na ndiye aliyekuwa mwosha wa mtaa wetu, aliingia na wanawake wenzake, wakamwosha palepale chumbani, wakamkafini. Wanaume tukakaa barazani na barabarani. Ikakubaliwa aswaliwe baada ya alasiri. Vijana wakaenda msikitini kuchukua jeneza, wakalileta, wakaingia nalo mlango wa mbele.

Likakwama kwenye kona.

Wakalirudisha, wakaliinua, wakalilaza ubavu. Halikupita. Mmoja akasema lipitishwe uani, akakumbushwa kwamba uani kuna ukuta wa ghorofa. Mwingine akasema basi marehemu abebwe kwa mikono mpaka nje. Kondo na binamu zake wakaingia kujaribu, wakaona kwamba pale kwenye kona watu wawili hawawezi kushika na kugeuka. Ingebidi mama asimamishwe wima.

Bi Hidaya alitokeza mlangoni mwa chumba, mikono bado imelowa. "Siwema hasimamishwi kama godoro," alisema. "Mimi nikiwa hai, hapana."

 Kondo alitoka nje, akaenda hapahapa karakanani kwangu, akarudi na nyundo kubwa ya mikono miwili. Tukajua anachotaka. Alisimama mbele ya ule ukuta wa tofali, akainua nyundo. Na ndani ya ukuta, mtoto akalia.

Alikuwa mchanga, hajafika hata arobaini. Kile chumba hakikuwa na dirisha, na kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta uleule. Muuza mitumba alikuwa kafunga chumba chake na funguo kaondoka nazo. Koku akafungua mlango wake, mtoto kifuani, macho yamevimba kwa kumlilia bibi.

"Vunja, kaka," alisema. "Sisi tutatoka. Tutakaa hata barabarani leo."

Deo alikuwa nyuma yake, ameshaanza kukunja godoro. "Kweli, kaka Kondo. Mama yako alikuwa mama yetu. Vunja."

Nyundo ilibaki hewani. Nilimwona Kondo akiutazama ukuta, akimtazama mtoto, akiutazama ukuta tena. Vumbi la tofali na saruji analijua kuliko sisi wote, lilikuwa kazi yake. Alijua pia kwamba dari la pale lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta ule ule aliojenga kwa haraka.

"Shangazi," alimwita Bi Hidaya, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "nifanyeje?"

Bi Hidaya alipita ile njia taratibu mpaka akamfikia. Alimshika mkono ulioshika nyundo, akaushusha.

"Asubuhi ya leo mama yako kamwogesha huyu mtoto kwa mikono yake," alimwambia. "Unataka jioni umbomolee nyumba kwa jina lake? Atakuja kunidai mimi huko niendako."

"Nilimwapia, shangazi. Mlango wa mbele."

"Najua. Nilikuwa naye alipokuwa akiusema kila siku. Lakini huna tena mlango wa mbele, Kondo. Uliupangisha."

 Alasiri ilikuwa inakaribia. Kondo akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Mfaume," alisema, "lete mashine yako. Kata nondo."

Nimekata vyuma maisha yangu yote. Sijawahi kukata kama siku ile. Nilisimama uchochoroni, nikazikata nondo nilizozitia kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, na cheche zinanirukia miguuni. Wanawake ndani walikuwa wamemfunika Bi Siwema kwa kanga juu ya kanga ili cheche isimguse. Nilipomaliza, nilipiga tupa zile ncha mpaka zikawa laini, nisije nikachana sanda. 

Wakashika kanga pande zote kumsitiri. Binamu wawili wakamwinua kutoka ndani. Nje, kwenye uchochoro ule wa maji machafu na mabomba, alisimama Kondo, mikono kaitanguliza. Kutwa anapokea mifuko ya saruji inayoshushwa kwenye malori, na mikono ile ilijua namna ya kupokea kitu kizito bila kukidondosha. Akampokea mama yake hivyo, dirishani. Deo alikuwa ameligandamiza jeneza lisiyumbe kwenye matope. Walipomlaza, Kondo aliinama sikioni pa marehemu, akamwambia neno. Sikulisikia, na sikumuuliza hata nilipozeeka naye.

Tukambeba tukatokea barabarani kwa uchochoroni, kama watu wanaoiba. Tulipopita mbele ya nyumba, mlango wa mbele ulikuwa wazi, hauna mtu.

Siku ya hitima tulikaa barazani na nje kwenye mkeka, kwa kuwa ndani hapakukalika. Watu walipomaliza kula, yule dalali Chande, ambaye naye alikuja kutoa pole, akamsogelea Bi Hidaya akamwambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba ya Bi Hidaya nayo ina ukumbi mzuri, umelala bure, na bei sasa imepanda tena. Mtu wa udalali hana msiba.

Bi Hidaya alikuwa na uchungu wa siku tatu kifuani. Hakuteremsha sauti. "Mpangisha ukumbi humtoa mama dirishani," alisema, na mkeka mzima ukasikia.

Kisha akakumbuka nani amekaa hatua chache kutoka pale. Akafunika mdomo kwa ushungi. Kondo alikuwa ameinamisha kichwa, kashika tasbihi. Bi Hidaya alimwendea, akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, mwanangu. Sikukusudia wewe. Huyu mtu kanichokoza."

Kondo aliinua uso. Alikuwa amekonda kwa siku zile tatu.

"Usiniombe radhi, shangazi," alisema. "Neno ni la kweli. Liseme, na wengine waliseme. Mimi sikupata wa kuniambia kwa maneno mafupi namna hiyo. Mama aliniambia kwa upole, nikadhani amekubali."

Ndivyo ilivyoanza. Wanawake waliibeba bombani na sokoni, ikafika Buguruni, ikafika Temeke, watu wakaitumia hata kwa mambo yasiyo na nyumba. Mtu akiuza muda wake wote mpaka akakosa wa kukaa na wanawe, anaambiwa. Anayekimbilia kesho mpaka akaikanyaga leo, naye anaambiwa hiyohiyo.

Mnauliza Kondo aliishiaje. Deo na Koku hakuwafukuza. Aliwaacha mpaka Deo alipopata uhamisho wa kikazi kurudi kwao, na mtoto yule sasa ni msichana mkubwa, hupiga simu kila Idi. Walipoondoka, Kondo alivunja kuta zote mbili kwa mkono wake na hakutaka fundi. Ukumbi ukawa mpana tena, ingawa sakafu nyekundu haikuunganika. Makovu ya kuta yanaonekana mpaka leo. Kiwanja hakukipata. Bei ilikimbia, naye akaacha kuifuata. Jioni alikuwa akitoa kiti, anakaa peke yake katikati ya ukumbi, mlango wa mbele kaufungua wote. Ukimuuliza unamngoja nani, anakuambia, "Simngoji mtu. Naupa hewa."

Na dirisha lile niliomba nilirudishie nondo, tena bure. Alikataa. Akaniambia, "Liache hivyo, Mfaume. Mwizi akiingia atakuta nini nisichokwisha kukitoa mwenyewe?" Nikapigilia ubao tu kuzuia mvua. Ubao upo. Mkipita uchochoro ule kesho mtauona, upande wa kushoto, umepinda kwa jua.

Basi, Salha, mama yako hakumtukana yule dalali. Dalali alikuja kumwambia baraza lenu hili, mnalokalia kusuka nywele na babu yenu kunywea kahawa, lizibwe lifanywe fremu ya duka, maana fremu sasa zina bei. Huenda fedha hizo mnazihitaji. Najua ada ya shule yenu ilivyo, na mama yenu anaijua zaidi yangu. Lakini yeye alikuwa mwali siku ile, na ndiye aliyeshika pembe ya kanga pale dirishani. Aliona mikono ya Kondo. Ndiyo maana hakumjibu mgeni kwa hesabu. Alimjibu kwa neno la Bi Hidaya, kama lilivyosemwa mkekani:

Mpangisha ukumbi humtoa mama dirishani.